Kiti cha Abiria

Laiti mvua ile ingechelewa robo saa, daktari wa meno angekuwa amekwisha kuvuka barabara na kupanda teksi kurudi kwake, na haya yote yasingetokea. Lakini ilimwagika Jumamosi saa nne asubuhi, bila hodi, wakati barabara imejaa watu na mifuko yao ya ununuzi. Daktari alikuwa amevaa gauni la manjano la kitambaa chepesi na viatu vyeupe alivyovinunua saa hiyohiyo. Akaona mlango wa kioo, akaingia, na nusu ya barabara ikaingia nyuma yake.

Lilikuwa duka la magari. Watu walisimama wakidondosha maji kwenye vigae vinavyong'aa, na wauzaji wenye suti wakawa wanapita katikati yao kutafuta nani amekuja kununua na nani amekuja kukwepa mvua. Mmoja alimpima Daktari kwa macho kutoka viatuni hadi kichwani, akauliza, "Dada, unamsubiri mzee?"

"Mzee gani?"

"Mumeo."

"Nikimwona nitakwambia," akajibu, na kumpa mgongo.

Hapo ndipo alipoliona. Gari la spoti la viti viwili, dogo, bapa, limesimama katikati ya ukumbi kana kwamba wengine wote ndio waliokosea mlango. Alilizunguka mara moja. Alipotaka kulizunguka mara ya pili akakuta mtu amesimama na taulo mkono mmoja na kipande cha boksi mkono wa pili. Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, suti ya kijivu, tai imelegea kidogo kama aliyekwisha fanya kazi ya maana asubuhi hiyo.

"Taulo ni la uso, boksi ni la viatu," alisema. "Vua uviweke hapa, halafu uingie ukae. Gari halina tatizo na gauni lililolowa. Lina tatizo na matope tu."

Akatabasamu. Daktari, ambaye kazi yake ni kutazama vinywa vya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, akaona mwanya. Wagonjwa walimlipa ili azibe vitu kama hivyo. Huu, aliwaza, nisingeugusa hata kwa kulazimishwa.

Akavua viatu, akaingia peku, akafunga mlango. Kelele zote za ukumbi zikakatika. Alikaa humo muda mrefu kuliko mvua yenyewe.

Fomu ya kuagiza ilikuwa na kurasa nne na visanduku sitini na kitu. Wateja wengine huimaliza kwa nusu saa. Daktari aliimaliza kwa Jumamosi tatu, na tangu ya kwanza alikuwa amekwisha mbatiza muuzaji wake jina la Bwana Fomu.

"Rangi?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ziko tano, Daktari."

Akafungua mkoba na kutoa kibao chake cha meno ya mfano, yale yaliyopangwa mstari kutoka jeupe la karatasi hadi jeupe la chai ya maziwa, ambayo humchagulia nayo mgonjwa rangi ya jino jipya. Akaanza kuyalinganisha moja moja na vibati vya rangi. Meza ya pili mtu alijikohoza ili asicheke. Bwana Fomu hakucheka wala hakuharakisha. Alivuta taa ya mezani karibu ili Daktari aone vizuri.

"Hii," alisema Daktari mwishowe. "Hii ni rangi ya meno ya mtu anayelala mapema."

"Niandike hivyo?"

"Andika namba yake, usinichekeshe."

Gia alitaka za mkono, maana hakupenda kitu kinachomwamulia. Rimu nyeusi. Usukani ushonwe kwa uzi mwekundu. Wakaenda hivyo hadi ukurasa wa nne.

"Kiti cha abiria," alisoma Bwana Fomu. "Kuna cha kawaida, kuna kinachopanda na kushuka, kuna kinachokupasha mgongo joto."

"Acha wazi."

"Kiwanda hakitengenezi gari la kiti kimoja."

"Watie chochote. Hakuna abiria."

Aliinua kalamu, akamtazama kidogo, akauacha mstari wazi.

Daktari alikuwa na sababu. Kwa miaka minne alivaa pete ya mtu aliyesafiri kikazi kila mwisho wa mwezi, mpaka alipogundua kwamba safari zenyewe huishia mtaa wa tatu kutoka kwake, kwenye nyumba yenye mke na mapacha. Tangu hapo alikata kauli: mwanamume akimwongopea mara moja, hata ikiwa ni kuhusu saa aliyoamka, wameachana. Na gari la viti viwili lenye mtu mmoja lilikuwa tangazo lake kwa kila aliyekuwa akimuuliza ataolewa lini.

"Litafika lini?" aliuliza huku akitia saini.

"Miezi saba."

"Miezi saba! Mtoto angekaribia kuzaliwa."

"Basi tutakuwa tunakwenda kliniki pamoja," alisema Bwana Fomu, na mwanya ukaonekana tena.

Gari likawa kisingizio. Kila siku saa saba mchana, wagonjwa wa asubuhi wakishaondoka, simu ya Daktari iliita.

"Daktari, leo limepata namba kiwandani. Si karatasi tena, sasa ni kitu."

"Halijambo?"

"Halijambo. Aliyeliagiza je?"

"Ana njaa na ana wagonjwa sita."

"Basi chungulia dirishani."

Alichungulia, akamwona chini pale, suti yake ya kijivu na mfuko wa chakula, anapunga mkono kama anaegesha ndege. Mwezi wa tatu walikwenda kutembea. Mwezi wa nne alimwita mpenzi kwa kuteleza ulimi, akaomba radhi, akaamriwa arudie. Simu za saa saba zilijaa vishindo vya ukumbi: milango, vicheko, mwenzake mmoja akipaza sauti, "Mpe salamu mwenye meno!" Daktari alizizoea kelele zile hata akazipenda. Zilimhakikishia mtu yuko wapi.

Mwezi wa saba, mambo yakaanza kunuka.

"Meli imechelewa," alisema Bwana Fomu siku moja.

"Kwa nini?"

"Mambo ya bahari tu."

Mambo ya bahari! Mtu aliyewahi kumweleza kwa dakika kumi jinsi uzi mwekundu unavyofungwa fundo, leo anasema mambo ya bahari. Kisha zikaja simu za kimya. Saa zilikuwa zilezile, maneno matamu yaleyale, ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mlango, kicheko wala salamu kwa mwenye meno.

"Mbona sauti yako iko kama umejifungia kabatini?"

"Niko ofisini, mpenzi."

"Na wenzako?"

"Wamekwenda kula."

Na kabla hajakata simu, nyuma yake kikasikika kitu: ting, ting, ting.

"Nini hiyo?"

"Ipi?"

"Kengele."

"Aa... mashine ya kopi."

Daktari alibaki na simu mkononi. Aliijua ile "aa". Ameisikia kwa miaka minne.

Mdogo wake alikuwa wakili wa kesi za talaka, na kwake kila mume alikuwa faili ambalo halijafunguliwa tu. Siku ya pili alikuja kliniki, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akataka simu iwekwe kwenye spika. Walisikiliza wote wawili, mmoja akijibu kwa sauti ya asali, mwingine akiandika kwenye daftari. Ting, ting, ting. Simu ikakatwa.

"Dada," alisema wakili, "hiyo ni maikrowevu."

"Maikrowevu?"

"Huyo bwana yuko jikoni kwa mwanamke, anapashiwa chakula. Na hicho kimya ni mapazia mazito. Mwanamke mwenyewe ana nyumba nzuri."

"Usinitie wazimu."

"Sikutii. Piga pale kazini kwake, uliza."

Akapiga. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu zote. "Saa saba huwa haonekani siku hizi, mama. Anatoka kwa mlango wa nyuma."

"Anatoka na nani?"

"Peke yake, mama. Na kitambaa safi begani."

Kitambaa safi begani! Wakili alifunga daftari lake polepole kama aliyekwisha shinda kesi. Daktari hakula siku ile, na wagonjwa wa mchana walisema mkono wake ulikuwa mzito kidogo.

Bahati ikamletea wakala wa forodha mwenye jino la nyuma lililooza. Alikuja Jumatatu asubuhi, shavu limevimba, na alipokuwa amelala kinywa wazi, mirija na vyuma vimejaa ndani, Daktari aliinama na kumtajia jina la meli iliyobeba gari lake.

"Unaijua?"

"Aha," alisema wakala.

"Imeshafika?"

"Aha."

Mashine ilinyamaza. "Magari yaliyokuwamo, yametoka bandarini?"

"Aha."

"Lini? Nionyeshe kwa vidole, siku ngapi?"

Yule maskini, akidhani huenda matibabu yake yanategemea jibu, akainua vidole vyote kumi, akavikunja, akainua viwili. Siku kumi na mbili. Daktari akahesabu nyuma. Ni siku hiyohiyo simu zilipoanza kuwa kimya.

Alimzibia jino vizuri, maana kazi ni kazi. Kisha akafunga kliniki, akatoka na koti lake jeupe juu ya gauni la kijani, hakukumbuka hata kulivua. Njiani aliliona lote: mwanamke mwenye mapazia mazito, ameshika usukani wenye uzi mwekundu, na Bwana Fomu pembeni anammwagia maneno yaleyale. Alijiapiza hatalia mbele yao.

Hakupita ukumbini. Alizunguka hadi uwanja wa nyuma, ambako magari mapya husubiri wenyewe, akamwonyesha mlinzi nakala ya oda yake.

"Lile pale mwisho, mama," mlinzi alisema. "Lile linalofutwa kila siku."

Alilitambua kabla hajafika. Nyeupe ya mtu anayelala mapema, kati ya magari yaliyofunikwa vumbi. Hatua kumi kutoka hapo alisimama. Kando ya mlango wa abiria palikuwa na kipande cha boksi, na juu yake viatu vya kiume vimepangwa sawasawa. Ndani, kwenye kiti cha abiria, Bwana Fomu alikaa na soksi zake, kitambaa mapajani, mgongo umenyooka kama mtu aliyealikwa. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, bado kimevaa nailoni ya kiwandani.

Daktari alitafuta mwanamke. Alitazama nyuma ya gari, pembeni, kila mahali. Hapakuwa na mwanamke.

Simu ikaita mfukoni mwa koti lake.

"Haloo."

"Daktari wangu. Umekula?"

"Bado. Uko wapi?"

Alimwona akifumba macho kabla ya kujibu. "Ofisini."

"Na wenzako wamekwenda kula."

"Wamekwenda."

"Na meli?"

"Inakaribia, mpenzi. Vumilia kidogo."

Moyo ulimuuma Daktari kuliko alivyotarajia. Kwa mwanamke mwingine alikuwa amejiandaa. Kwa uongo mtupu, usio na mwanamke ndani yake, hakuwa amejiandaa.

"Fungua mlango," alisema.

"Mlango gani?"

"Ulio karibu na viatu vyako."

Bwana Fomu aligeuka. Simu ikamponyoka. Akafungua mlango, na gari likalia: ting, ting, ting.

"Mashine ya kopi," alisema Daktari.

"Daktari, nisikilize."

"Siku kumi na mbili! Gari langu liko hapa siku kumi na mbili, nawe unanielezea bahari. Ulikuwa unalifanyia nini?"

"Nalifuta. Halafu nakaa, nakupigia. Tazama kwenye dashibodi, lina kilomita kumi na moja, ndizo lilizokuja nazo. Sijalisogeza hata hatua. Kiti chako sijakigusa."

"Basi kwa nini?"

Alisimama pale na soksi zake kwenye saruji, mtu mzima, amekunja kile kitambaa mpaka kimekuwa kamba. "Mimi nauza kungoja, Daktari. Watu wananipigia miezi saba kila siku. Wananiita ndugu, wananialika kwenye harusi zao. Siku nikiwapa ufunguo, wanakwenda, na simu inakufa. Si ubaya wao, walikuwa wanalipigia gari. Lako lilipofika nikasema, nitamwambia kesho. Na kesho yake nikasema kesho."

"Kwa hiyo ulidhani nami ninapokea simu za gari tu."

Bwana Fomu aliinamia soksi zake.

"Nimeshika mkono wako barabarani, nimekupeleka kwa mama yangu ukala mezani kwake, kumbe muda wote unanishuku! Mimi, niliyeongopewa miaka minne na mwenye mapacha, nikajifunza upya kumwamini mtu, na mtu mwenyewe ni wewe!" Machozi yalikuwa yamefika, na aliyaacha yashuke. "Nipe ufunguo."

"Ni lazima utie saini."

"Lete."

Akatia saini juu ya boneti. Bwana Fomu alibandua nailoni ya kiti cha dereva, akasogea kando.

"Usinipigie," alisema Daktari. "Si saa saba, si saa yoyote."

Aliwasha gari na kuondoka kwa hasira, na lilipofika getini likazima, maana gia za mkono hazipendi hasira. Mlinzi alitazama pembeni kwa heshima. Akaliwasha tena.

Lilikuwa gari zuri mno. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Alipita nalo mjini na watu wakageuza shingo, naye akapita bila kuona raha. Kila asubuhi aliweka mkoba wake wa vifaa kwenye kiti cha abiria, na kwa kuwa mkoba ulikuwa mzito, gari lilidhani ni mtu: ting, ting, ting. Aliuhamishia chini, ukamwagika kwenye kona. Siku ya nne akaufungia mkanda.

Saa saba simu ilikuwa mezani. Haikuita. Siku ya kwanza alisema vizuri. Siku ya sita alikagua kama ina chaji. Siku ya tisa alimwomba nesi wake ampigie, aone kama inaita, na nesi akafanya hivyo bila kuuliza swali, Mungu ambariki.

Siku ya kumi mdogo wake alipanda gari, akakuta mkoba umefungwa mkanda, akaupakata.

"Dada, umekonda."

"Faili lako linasemaje?"

Wakili alijibu kwenye taa nyekundu ya pili. "Nimesoma waongo mia mbili na zaidi. Wote waliongopa ili watoke waende kwingine. Huyu wako aliongopa ili akae kwenye gari akuongeleshe. Sijui nimfungulie faili gani."

"Uongo ni uongo."

"Ni uongo. Nami nilikwambia maikrowevu, kwa hiyo usinisikilize sana. Ila nenda ukamuulize kama atarudia, na umtazame mdomo. Wewe ndiye daktari wake."

Jumamosi, siku ya kumi na mbili, hapakuwa na mvua. Daktari alivaa lile gauni la manjano, akaegesha mbele ya mlango wa kioo, akaingia. Ukumbi ulijaa. Bwana Fomu alikuwa mezani kwake, tai imekazwa mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kujibu mashtaka. Alipomwona alisimama, akaangusha kalamu, akaiacha hukohuko.

"Gari lina tatizo?"

"Lina. Kuna mstari uliachwa wazi."

Alifungua droo. Fomu ilikuwa pale juu kabisa. Hakuwahi kuipeleka stoo. Akafunua ukurasa wa nne.

"Kwanza nijibu," alisema Daktari. "Kwa nini hukunipigia?"

"Ulisema nisipige."

"Na saa saba ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaa hapa, simu nimeilaza kifudifudi. Nikiiona natamani."

Alimtazama mdomo. Aliutazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama jino lisilo na doa ambalo bado linauma. Hakuona kitu cha kung'oa.

"Uliniwazia kwamba nikipata gari sitarudi," alisema. "Nimelipata. Nimekaa nalo siku kumi na mbili, kama ulivyokaa nalo wewe. Na mimi huyu hapa. Umeona?"

"Nimeona," alisema Bwana Fomu, macho yanang'aa.

"Ukiniongopea tena, hata kuhusu mvua, nakushusha njiani. Sisimamishi, napunguza mwendo tu."

"Sawa."

"Andika: abiria mmoja."

Aliokota kalamu chini ya meza. Mkono ulitulia juu ya karatasi. "Fomu inataka muda. Wa siku moja, wa mkataba, au—"

"Fomu yako haina swali kama hilo."

"Haina," alikiri upesi. "Nauliza mimi."

Yule aliyewahi kuuliza habari za mzee alikuwa amesimama na kikombe, kinywa wazi.

"Andika wa kudumu," alisema Daktari. "Na pete nitachagua mwenyewe. Jumamosi tatu."

Walitoka pamoja. Bwana Fomu alivua viatu kabla ya kuingia, akakemewa, akavivaa tena. Daktari aliwasha injini, na gari likalia: ting, ting, ting.

Hakuondoa mguu kwenye breki. Alimgeukia, jicho moja limefinywa.

"Nini hiyo?"

"Kengele ya mkanda."

"Si mashine ya kopi?"

"Si mashine ya kopi, mpenzi. Ni mimi sijafunga mkanda."

Akaufunga, na kengele ikanyamaza.